Kompyuta nne na daftari moja

 

Usiku wa Jumatatu iliyopita, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya msikiti wetu hapa Mgogoni tukihesabu michango ya umeme na maji, alipotujia mzee mmoja wa mtaani. Mwanawe amepata nafasi ya kusoma chuo Unguja, na yeye ameuza karafuu zake za msimu huu. Alitoa bahasha mfukoni, akaiweka juu ya mkeka, akasema: "Mwanangu katibu, nyinyi ndio mnaoyajua haya. Kijana anataka kompyuta ya kupakata. Nambie, ninunue ipi nisije nikaitupa fedha yangu?"

Ulimi ulikuwa tayari kumtajia jina la mashine na bei yake. Kisha tukasita. Katika muda wa miaka 16 tumemiliki kompyuta mpakato tatu, na tunatunza ya nne ambayo si mali yetu. Tukizihesabu hasara tulizozipata, hatuoni hata moja iliyoletwa na jina lililoandikwa juu ya kifuniko. Zote zilitoka kwetu wenyewe. Basi tukamwomba mzee akae, tukamsimulia. Leo tunakusimulia na wewe, msomaji wetu, kwa kuwa mashine hizi zimeingia katika nyumba zetu, skuli zetu, madrasa zetu na hata katika sanduku la msikiti, na wengi wetu tumezipokea bila ya kujiuliza tumepokea nini.

Ya kwanza: iliyotumiwa na dahalia nzima

Mwaka 2009 tulikuwa mwaka wa pili katika chuo cha Kiislamu huko Unguja. Baba yetu, Allah amrehemu, aliuza karafuu akatutumia shilingi 380,000. Tukaenda nayo mjini, tukanunua kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya, nzito mithili ya tofali, ikiendeshwa na Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001. Muuzaji alituonesha inavyowaka. Hakutuonesha inavyokaa bila ya waya, nasi hatukuuliza. Tulipofika dahalia ndipo tulipotambua kuwa betri yake haimalizi dakika 15.

Tulijiliwaza baadaye tuliposoma habari za kompyuta ya Osborne 1, iliyotoka Marekani mwaka 1981 na kuhesabiwa miongoni mwa kompyuta za mwanzo kabisa za kubebeka zilizouzwa kwa wingi. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 11, kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu, na betri haikuwa nayo kabisa. Mwenye kuibeba alikuwa akihama na mzigo, akifika aendako anatafuta umeme. Basi yetu sisi haikuwa mbaya kiasi hicho.

Lakini umeme wenyewe ulikuwa karibu kutukimbia. Tarehe 10 Disemba 2009 Unguja nzima iliingia gizani. Hitilafu ilikuwa katika njia ya umeme wa chini ya bahari itokayo Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba, na watu wakakaa bila ya umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu za maji nazo zikasimama, ndoo zikapangwa foleni visimani. Sisi wanafunzi kutoka Pemba tulikuwa tukicheka kwa uchungu. Wakati ule umeme wa kisiwani kwetu ulikuwa ukizalishwa kwa majenereta ya Wesha, kwa hiyo jamaa zetu wa Chake Chake waliwasha taa, na sisi tuliovuka bahari kuifuata elimu mjini tulidurusu kwa mshumaa. Kebo ya Pemba, ile inayotuletea umeme kutoka Tanga, ilikuja mwaka huo huo wa 2010 baada ya kadhia hiyo.

Palikuwa na duka moja karibu na chuo lenye jenereta. Mwenyewe alitoza shilingi 500 kwa saa. Kwa kuwa fedha ilikuwa haba, tulijifunza kuandika kila kitu kwanza kwenye karatasi, kusahihisha, kisha kwenda dukani kuchapa kwa saa moja bila ya kunyanyua kichwa. Wenzetu kumi na moja wa dahalia walikuwa wakifanya hivyo hivyo kwa mashine hiyo hiyo, kila mmoja na zamu yake. Mwenzetu mmoja alikuwa na sahani ya programu ya Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Kwa mara ya kwanza tuliona amri za kompyuta zikitusemesha kwa Kiswahili. Hatujasahau furaha ya usiku ule.

Kutokana na ushirika huo yalikuja mambo mawili. La kwanza ni virusi. Kila mtu alikuja na fleshi yake, na kila fleshi ilikuja na maradhi yake, mpaka ikawa ukifungua faili lako hulioni. La pili ni zito zaidi, nalo hatukulijua hadi mwaka 2012 tulipoiuza mashine ile kwa kijana fundi. Kabla ya kumkabidhi tulifuta kila kitu, au tulidhani tumefuta. Baada ya mwezi mmoja simu ikalia. "Ustadhi," akasema kijana yule kwa sauti ya haya, "humu mna picha za harusi, za wanawake wa nyumbani kwenu wakiwa hawajajistiri. Sikuziangalia. Nimezima. Njoo uniambie nifanye nini."

Mwili ulitupoa. Zilikuwa picha za harusi ya dada yetu, zilizopigwa ndani, upande wa wanawake. Tulizipokea tu ili tuzihifadhi. Kijana yule alituita, tukakaa naye mpaka diski ikasafishwa kikweli, na hakutaka malipo. Alitueleza jambo ambalo kila mwenye familia anapaswa kulijua. Kufuta faili kwa kawaida ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Jina la sura limeondoka, lakini sura yenyewe imebaki ndani hadi iandikwe juu yake nyingine, na mwenye ujuzi mdogo tu huisoma. Allah alitusitiri kwa kuileta mashine ile mikononi mwa mchamungu. Je, ingeangukia mikono mingine?

Ya pili: ile iliyogombania paja

Mwaka huo huo wa 2012 tulirejea Pemba, tukaanza kusomesha. Kwa mshahara wa miezi kadhaa tulinunua kompyuta mpya, ndogo, ya inchi 10, ya namna zile zilizoenea duniani kuanzia mwaka 2007. Ilikuwa nyepesi, betri yake inakwenda nusu siku, nasi tuliipenda kupita kiasi. Tulikuwa tumeoa mwaka mmoja tu. Mke wetu akaipa jina: Bi Mdogo. Mgeni akiuliza tuko wapi, hujibu, "Yuko chumbani na Bi Mdogo wake." Tukicheka sote, lakini mzaha wa mke mara nyingi una haja ndani yake.

Neno letu la Kiswahili kwa mashine hii ni zuri na lina mafunzo. Mpakato linatokana na kupakata, na katika lugha yetu tangu hapo kinachopakatwa ni mtoto. Mama humpakata mwanawe akimnyonyesha, babu humpakata mjukuu akimsomesha alifu. Alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza na akaanza kutambaa, alikuja kila jioni kudai nafasi yake, akaikuta imekaliwa. Akipanda goti hili tunamhamishia lile. Akigusa kibodi tunamwita mama yake aje amchukue.

Jioni moja ya mwaka 2015 alikuja na kikombe cha uji. Sehemu aliunywa yeye na sehemu ikanywa kompyuta. Ilitoa mlio mdogo, ikazimika, isiwake tena. Tulipandisha sauti, mtoto akaangua kilio. Mke wetu alikuja akambeba, akatuambia kwa upole maneno ambayo tunayaandika hapa kwa idhini yake: "Mume wangu, huyu hakuja kuharibu kitu chako. Amekuja kukaa kwake. Hiyo ndiyo iliyokaa mahali pa watu."

Hatukuwa na jawabu. Tangu siku ile kompyuta katika nyumba yetu hukaa mezani, na kati ya Magharibi na Isha hufungwa. Hatusemi kila nyumba ifanye hivyo. Lakini tunajua kwamba kazi tulizozifanya katika saa hizo hatuzikumbuki hata moja, na yule mtoto, ambaye sasa ana miaka 12 na hapakatiki tena, tunamkumbuka alivyokuwa amesimama na kikombe mkononi.

Ya tatu: iliyobeba deni la marehemu

Mwaka 2016 jamaa yetu mmoja aliyekuwa Dubai alituletea kompyuta iliyotumika kidogo, imara, yenye nafasi kubwa ya kuhifadhi. Mwaka uliofuata katibu wa kamati yetu ya msikiti alifariki dunia, nasi tukateuliwa kushika nafasi yake. Tulikabidhiwa daftari lake, lile kubwa lenye jalada gumu. Ndani yake, kwa wino wa buluu na hati iliyonyooka, mlikuwa na kila senti iliyoingia na kutoka tangu mwaka 1998: nani ametoa mbao, nani ametoa mkeka, nani anadai, nani amelipwa.

Tulilitazama kwa heshima, tukalifunga, tukaliweka kabatini. Tukajiambia kwamba zama zimebadilika. Tukaingiza kila kitu katika kompyuta: michango ya kubadilisha paa, orodha ya mayatima wanaosaidiwa, zamu za kusomesha madrasa, madeni. Wazee wakawa wanaona fahari. Akija mtu na fungu lake, hawezi kuondoka mpaka asikie, "Katibu kesha andika." Neno hilo likawa ndilo risiti. Na nakala ya kumbukumbu zote hizo haikuwepo popote duniani ila ndani ya mashine ile moja.

Mwezi wa Juni mwaka 2020 tulikuwa tukiwahi kikao. Hatukuizima kompyuta, tulifunika kioo tu, tukaitia mkobani, tukapanda pikipiki. Njia zetu za ndani mnazijua. Tulipofika na kuifungua, ilitoa sauti ya tik, tik, tik, na kioo kikabaki cheusi.

Fundi alitufahamisha yaliyotokea. Diski ya kompyuta ya namna ile ni sahani inayozunguka kwa kasi kubwa, nyingi zake mizunguko 5,400 kwa dakika, na juu yake kinapita kichwa cha kusomea ambacho hakigusi sahani ila kimeikaribia mno, kwa masafa madogo kuliko unene wa unywele kwa mara nyingi. Mashine ikiwa imezimwa, kichwa hurejea mahali pake pa salama. Ikiwa inafanya kazi na ikapigwa mtikisiko, kichwa hugonga sahani na kuikwaruza. Kilichokwaruzwa ndicho kilichokuwa kimeandikwa. Tulizunguka kwa mafundi watatu, wawili Pemba na mmoja Unguja. Miaka mitatu ya kumbukumbu za msikiti ikawa imekwenda.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tulisimama mbele ya jamaa tukasema: tumepoteza amana yenu, na kosa ni letu. Hatujapata kusimama mahali pazito kuliko pale. Watu hawakutupigia kelele. Walinyamaza, na kunyamaza kwao kulituuma zaidi.

Orodha ya mayatima tuliirudisha kwa kupita nyumba kwa nyumba. Michango tuliirudisha kwa kuulizana, na aliyesema ametoa tuliandika alichosema. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo halikuwezekana kumalizwa kwa kuulizana.

Mwaka 2019, wakati wa ujenzi wa ukuta, saruji ilikuwa imekwisha na sanduku halikuwa na kitu. Muumini mmoja alikwenda Chake Chake akanunua mifuko 80 kwa fedha yake, kila mmoja shilingi 14,000, jumla shilingi 1,120,000, kwa makubaliano kwamba msikiti utamlipa kidogo kidogo. Tuliandika katika kompyuta. Alilipwa mara kadhaa, na kila mara tuliandika humo humo. Hakupewa karatasi, kwa kuwa katibu kesha andika. Mwezi mmoja kabla ya kompyuta kufa, yeye mwenyewe alitangulia mbele ya haki, akaacha mjane na watoto wanne.

Mnajua sharia ya mirathi. Kabla ya warithi kugawana hulipwa madeni aliyoyaacha marehemu, na yale aliyokuwa akiwadai watu ni sehemu ya mali yake, ni haki ya warithi. Mjane alikuwa ndani ya eda, akamtuma kaka yake kuuliza: msikiti unadaiwa kiasi gani? Na sisi tuliokuwa tumeambiwa tuandike hatukuweza kumjibu.

Kamati ilikaa vikao viwili. Wapo waliosema apewe tu, ni mjane. Mwenyekiti wetu akasema: "Fedha ya msikiti si yetu kuitoa kwa huruma, na haki ya yatima si yetu kuizuia kwa uzembe. Lazima ipatikane bayana." Alisema kweli, na kila neno lilikuwa likituangukia sisi.

Tulikwenda Chake Chake zaidi ya mara tano. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni mzee wa zamani ambaye mpaka leo anauza kwa kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Alituruhusu tukae stoo tukapekua vitabu vya mwaka mzima. Siku ya ishirini na moja tuliipata nakala, imefifia lakini inasomeka: jina la marehemu, mifuko 80, na pembeni maneno "msikiti Mgogoni". Tulisujudu pale pale juu ya vumbi la saruji.

Ila nakala ile ilithibitisha deni lote, na haikuonesha hata shilingi moja iliyokwisha kulipwa. Sisi tulijua kuwa tumelipa, lakini ni kiasi gani? Mweka hazina alikumbuka mafungu mawili, hakuwa na uhakika na mengine. Kama mjane angesema hakulipwa chochote, tusingekuwa na la kumjibu, na msikiti ungelipa shilingi 1,120,000 kamili.

Kaka yake alikuja na ujumbe wake siku ya pili. Tunauandika kama alivyoufikisha: "Dada anasema mume wake alikuwa kila akipokea humwambia. Keshapokea laki nne na themanini. Iliyobaki ni laki sita na arubaini. Anasema andikeni hivyo, hataki kuwalisha wanawe kisicho chao."

Tukaandika, kwa kalamu, katika daftari, mbele ya mashahidi wawili. Tuliposema kuandika, ilitujia aya ya 282 ya Suratul Baqarah. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, na maudhui yake ni kuandikiana madeni na kuyashuhudia. Tuliisoma chuoni, tulifanyia mtihani, tulifaulu. Mama yule hakusoma chuo chochote, na ni yeye aliyeitekeleza amana pale tulipoiangusha sisi. Deni lake lilimalizika kulipwa kabla ya Ramadhani ya mwaka uliofuata.

Ya nne: isiyokuwa yetu

Mwaka 2021 waumini walichanga wakanunua kompyuta ya kamati. Imeandikwa katika daftari kuwa ni mali ya msikiti, na tunaishika kwa wadhifa, si kwa umiliki. Katibu akibadilika itabaki. Diski yake ni ya namna mpya isiyo na sahani inayozunguka, kwa hiyo mtikisiko wa pikipiki hauiogopeshi kama ile. Lakini nayo hufa, na mara nyingi hufa ghafla bila ya kutoa hata ile tik, tik ya kuaga. Kwa hiyo hatuiamini peke yake.

Tunachofanya sasa ni hiki. Kila Alhamisi baada ya Alasiri tunahifadhi nakala katika diski ya nje ambayo hukaa nyumbani kwa mweka hazina. Kila mwisho wa mwezi tunachapisha hesabu, tunazitia saini watu watatu, na kuziweka katika jalada. Na kila fungu linaloingia au kutoka huandikwa kwanza katika daftari kubwa, mkono kwa mkono, na mtoaji hupewa kipande cha karatasi. Neno la siri la kompyuta limo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti. Mauti hayatungoji tumalize kikao, na dini yetu imetufundisha kuuandika wasia mapema. Kumbukumbu za watu ni sehemu ya wasia wa aliyezishika.

Wapo vijana wanaotucheka kwamba tumerudi nyuma. Tunawaalika waende Unguja, Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Humo zimehifadhiwa hati za wakfu na mikataba ya tangu zama za masultani, nyingine kwa hati za Kiarabu, na wino wake unasomeka. Mtu aliyeweka wakfu mnazi au nyumba zaidi ya miaka mia iliyopita, neno lake bado lipo. Sisi tulishindwa kulinda miaka mitatu. Na kama wanadhani daftari ni adui wa kompyuta, nawajue kwamba moja ya kompyuta mpakato mashuhuri zaidi duniani, ThinkPad ya mwaka 1992, ilipata jina lake kutokana na kijidaftari cha mfukoni ambacho wafanyakazi wa kampuni ya IBM walikuwa wakipewa, chenye neno la kuwahimiza wafikiri.

Tulichomjibu mzee

Mzee alikuwa amesikiliza yote bila ya kutukatisha. Kisha tukamwambia yafuatayo, na tunayarejea hapa kwa kila mzazi mwenye bahasha mkononi.

Kwanza, usinunue kwa jina wala kwa sura. Iliyotumika si aibu, lakini iwashe bila ya waya, kaa nayo nusu saa pale pale dukani, utazame betri inashuka kiasi gani. Piga kila herufi ya kibodi. Fungua na kufunga bawaba za kioo. Betri ikiwa imevimba, iache hata ukipewa bure, kwani ni hatari ya moto.

Pili, uliza mfumo wake. Windows 10, iliyomo katika mashine nyingi za mkono wa pili, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kama ilivyofikia Windows XP mwaka 2014 na Windows 7 mwaka 2020. Mashine haizimiki siku hiyo, ila milango yake haizibwi tena wezi wakiigundua. Ikiwa haiwezi kupokea Windows 11, ipo mifumo ya bure ya Linux ambayo humfaa sana mwanafunzi wa kuandika na kusoma. Usimwache kijana atupe mashine nzima kwa jambo linalotengenezeka, maana israfu si sifa yetu.

Tatu, usimalize fedha yote kwenye kompyuta. Bakisha ya diski ya nje au fleshi mbili nzuri. Mwenye nakala moja ya kazi yake ajihesabu kuwa hana.

Nne, mfundishe mwanao kuwa kitakachoingia humo si chake peke yake. Kutakuwa na kazi za wenzake, barua za wazazi, picha za dada zake. Siku ya kuiuza, diski isafishwe kikweli na mwenye kujua, au itolewe kabisa ibaki nyumbani.

Na tano, umwambie aizime kabla ya kuitia mkobani. Hili tulilisema kwa sauti ya chini kuliko yote.

Mzee aliichukua bahasha yake, akatoa noti chache akazitenga upande, nyingine akazirudisha mfukoni. "Hizi za nakala," akasema. Kisha akauliza kama anaweza kuandikisha katika daftari letu shilingi 10,000 alizoahidi kwa ajili ya umeme wa msikiti. Tukaandika, tukamkatia karatasi yake. Aliisogeza kwenye taa, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja mara mbili na kuitia ndani ya kofia yake.

Tunamwomba Allah (SW) amrehemu katibu aliyetutangulia na marehemu mwenye saruji, amlipe kheri mama yule na kijana fundi, na atuwezeshe kuzirejesha amana kwa wenyewe zikiwa kamili. Wabillahi tawfiq.